Kiyoyozi Kinapuliza Moto

Kofi la pili lilimpata Morea sikioni kabla gari halijasimama sawasawa.

"Nimeajiri dereva au mpishi?" Bosi Oala alinguruma kutoka kiti cha nyuma, jasho likimtiririka hadi kidevuni. "Mbona unanichemsha?"

"Asubuhi kiyoyozi kilikuwa kinapoza vizuri, bosi. Nilikijaribu mwenyewe, nikaingia jikoni kunywa chai tu."

"Sasa kinapuliza moto!"

"Nishushe vioo kidogo?"

"Gusa hicho kitufe chako uone kama hujabaki na vidole tisa."

Morea akaondoa mkono mlangoni. Vioo vile havikupitisha risasi, na kwa amri ya Oala vilitii kitufe kimoja tu, cha dereva. Vilikuwa havijashushwa kwa mwezi mzima, tangu vijana wa Oala walipoyachoma mabanda ya Horokone ili malori ya kokoto yapate pa kupita. Watu saba walibaki ndani. Port Moresby nzima ilijua kwamba waliosalimika walikuwa wakinoa mapanga. Na barabara ya machimboni ilikuwa hiyo moja, ikiteremka kilima na kukatiza katikati ya majivu.

Kando ya Oala alikaa mkewe, Geua, katika gauni jeusi la matanga ya mdogo wake. Oala hakumruhusu tena kubaki nyumbani peke yake.

"Na wewe acha kuvuta makamasi," alimwambia. "Si nilimtumia huyo mdogo wako salamu ahame mabandani? Akajitia mbishi."

"Ndiyo, mume wangu," Geua akajibu, macho yake nje.

Morea akashuka, akainua boneti. Jua la saa saba lilimpiga utosini kama nyundo. Feni ya ndani ilikuwa inapuliza kwa nguvu, kwa hiyo kasoro haikuwa kwenye feni wala kwenye chujio. Mkanda ulikuwa unazunguka. Akashika mabomba mawili ya gesi, moja baada ya jingine. Moja lilitakiwa liwe baridi kama chupa ya soda, lakini yote mawili yalikuwa na joto lile lile. Akainamia kompresa. Kile kisahani cha mbele kilikuwa kimetulia tu, hakikushika. Umeme haufiki, akawaza. Akachomoa fyuzi, akaitazama juani. Nzima.

Akaufuata waya kwa kidole, akapapasa nyuma ya kompresa. Waya ulikuwa umekatwa kwa kisu kikali, na kipande cha urefu wa shibiri kilikuwa hakipo.

Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa amemwendesha Oala miaka tisa, na mara mbili alikuwa amemtoa kwenye umati uliomrushia mawe, damu ikimtoka yeye mwenyewe usoni.

"Bosi," aliita. "Kuna mtu amekata waya. Tugeuze gari turudi. Hili si jambo jema."

Oala alishuka, akauangalia ule waya muda mrefu. Kisha akafungua buti, akatoa spana ya magurudumu.

"Boneti hii hufunguliwa na nani, Morea?"

"Ni mimi, bosi, lakini..."

"Na nani mwingine?"

Spana ilimpiga kwenye kifundo cha mkono, na Morea akausikia mfupa ukivunjika kama kijiti cha kuni. Pigo la pili lilimpata mbavuni, akaanguka. Oala akamkanyaga shavu, akalisaga kwenye kokoto.

"Wamekununua! Unataka nishushe vioo, eh? Ndiyo maana uliniuliza, mbwa wewe!"

"Naapa, bosi! Ningetaka ufe, ningekwambia?"

Jibu lilikuwa teke la mdomo. Meno mawili yalitoka. Oala akainua spana juu ya kichwa chake, na Morea akafumba macho.

"Mwache, mume wangu," ilikuja sauti ya Geua. Alikuwa ameshuka, amesimama kando ya gari, mikono kifuani. "Ukimuua hapa utakaa naye juani mpaka lini? Hapa si pa kusimama. Twende, nitaendesha mimi."

Oala alihema. Akatazama bonde lililokuwa kimya, akatazama saa, akamtemea Morea mate. "Una bahati mama hapa ana huruma. Nikirudi nikukute umeshakufa."

Wakaingia, Oala nyuma na Geua kwenye usukani. Milango ikajifunga kwa ndani, gari likaanza kuteremka.

Morea alijikokota hadi ukingoni mwa kilima, mkono uliovunjika ukimning'inia. Kutoka pale aliona majivu ya Horokone yote. Aliona pia watu wakijitokeza nyuma ya mabati yaliyoungua, mmoja, watatu, kumi, hadi wakajaa barabara, mapanga yaking'aa juani. Akasahau meno yake, akasahau mbavu. Akajiinua kwa magoti.

"Mama! Usisimame!" alipiga kelele, damu ikimrukia kifuani. "Kanyaga mafuta! Wapitie juu, mama! Usisimame!"

Gari likapunguza mwendo, likasimama katikati yao. Limezima, Morea akawaza, Mungu wangu, limemzimikia.

Ndipo vioo vyote vinne vikashuka kwa pamoja, taratibu, hadi chini kabisa. Mlango wa dereva ukafunguka, Geua akashuka na funguo mkononi, na wenye mapanga wakampisha kwa heshima, kama apishwavyo mfiwa.