Sindano Saba za Bi Mwanakheri

Bi Mwanakheri aliinamia karatasi, akachora mzingo wa konokono ambao kila mgonjwa wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka, katika jaribio lile la dawa huuchora mwisho wa mwezi. Mstari ulitoka na meno kama msumeno.

“Majirani wananiita Bibi Bangi kwa matone yenu haya,” alicheka. Kisha akanong’ona, “Au ninakosea kuyameza, mwanangu?”

“Hapana, bibi. Hujakosea,” alijibu Salhiya, mtafiti msaidizi.

Salhiya alijua kwa nini matone hayakusaidia. Chupa ya bibi ilikuwa na mafuta matupu, yasiyo na dawa. Dawa yenyewe, iliyotolewa kwenye bangi ili ifikie vipokezi vya ubongo, alimpa mjomba wake mwenyewe, naye mgonjwa katika jaribio hilohilo, kwa kubadilishana vibandiko vya majina kwenye chupa zao mbili. Jana mjomba alikunywa chai bila kumwaga tone.

Bi Mwanakheri akafungua kitambaa: kofia aliyokuwa akimdarizia mjukuu wake bwana harusi, na sindano saba.

“Nitungie uzi, za wiki nzima. Macho ninayo; mikono ndiyo imenikimbia.”

Salhiya akatunga moja baada ya nyingine. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, naye akaionea haya. Ya saba aliishika hewani, akafumbua kinywa ili aungame, huku Bi Mwanakheri akikinga kiganja kilichotetemeka.