Povu la Sabuni

Povu lilitokea pale mpira wa gesi unapoungana na mtungi. Likavimba, likapasuka, likatokea jingine. Nikabaki kulitazama.

Djanfar, mume wangu, ndiye aliyenifunza tukiwa Majunga, Madagaska: gesi inayovuja haitafutwi kwa kiberiti, inatafutwa kwa sabuni. Leo ni arubaini yake. Yeye alizikwa huko pamoja na Wakomoro wengine waliouawa, mimi nikaletwa Moroni kwa meli, nikapewa chumba na jiko la gesi katika nyumba waliyoihama Wafaransa.

Tangu nishuke melini sijalia, wala sisikii harufu ya kitu. Juzi ni wifi aliyekuja kuniambia wali unaungua.

Asubuhi hii amefunga madirisha yote, hata la jikoni. Serikali haitaki hitima zetu, na vijana wa kamati wakinusa udi watagonga mlango.

"Bado unahangaika na jiko?" aliuliza kutoka ukumbini. "Nakuja nifukize na huko, kisha tumsomee ndugu yangu."

Nilisikia makaa yakitatarika ndani ya chetezo, na kandambili zake zikikaribia. Povu jingine lilivimba, kubwa kama zabibu. Nililitazama mpaka likapasuka.

Ndipo nikafunga mtungi.

"Wifi, simama hapo hapo. Gesi imejaa, udi umekuzuia kuinusa. Toa chetezo nje."

Kandambili zilinyamaza.

"Nje? Vijana wataona."

Nilisukuma dirisha la jikoni. Wawili walikuwa ng'ambo ya barabara, wameegemea ukuta.

"Waone," nilisema.