Penisilini

Muuguzi alipouliza kama mgonjwa ana mzio wa dawa yoyote, mume alijibu haraka, "Hana." Mkewe alikuwa hawezi kusema kwa maumivu ya tumbo. Wakamwingiza chumba cha upasuaji.

Mama mkwe akafika anahema, kiatu kimoja mkononi.

"Mwanangu, umewaambia penisilini haipatani naye? Utotoni ilimvimbisha uso mpaka macho yakafumba. Nusura tumzike."

Miaka tisa ya ndoa, na hakuwahi kusikia hilo. Akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili.

Muuguzi akafungua. Kichupa cha dawa alichoshika kilikuwa kitupu. Nyuma yake daktari alipaza sauti, "Adrenalini, upesi! Midomo inavimba!"

Mlango ukafungwa.

"Kwani hawa watu hawakukuuliza?" mama mkwe akalia.

Mume akatazama sakafu.

"Hawakuniuliza, mama."