Wana wa Gwasi

Luka alirudi kutoka shuleni mdomo umevimba. Wenzake walimwita mwana wa Gwasi, akapigana nao.

Isaka, baba yake, alimtazama. Gwasi, yaani boi kwa lugha ya bwana wake, ndivyo alivyoitwa kutwa kucha alikotumika, nyumbani kwa Bwana Prichadi, mlowezi wa kahawa pale Iyula. Mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye jina la ubatizo! Sasa uchafu huo umeshukia watoto.

"Hata wajukuu wetu wataitwa hivyo, Baba Luka," alisema Nesta, mkewe. "Mwambie Bwana akuite jina lako, la sivyo acha kazi. Tutakula viazi."

Kesho yake Isaka alimwambia. Bwana alikuwa akikagua mashati yaliyopigwa pasi, akacheka.

"Jivunie, wewe! Neno hili la kwetu Welisi lina ukoo kukupita. Babu yake hajaandikwa popote. Wataalamu wamemkisia kwa sura za wajukuu tu. *Wasos*, asimamaye chini ya mwingine. Kwa Wafaransa akazaa kibaraka wa mfalme, akazaa pia mtumishi wa kumvisha bwana nguo. Kwa Waairishi, mtumishi. Kwa Wabretoni tu ndiyo maana yake mwanamume."

"Basi niite kwa Kibretoni," Isaka alisema.

Bwana alimtupia shati usoni.

"Kola ina kunyanzi, Gwas. Rudia."

Kunyanzi lenyewe ulitafute kwa tochi. Mzungu yule alizijua pasi kuliko dobi.

Isaka akaapa moyoni. Jumamosi anakuja mgeni kutoka Ulaya. Akiitwa Gwasi mbele yake haitiki ng'o. Afukuzwe, liwalo na liwe, lakini mwanawe atakuwa na baba mwenye jina.

Jumamosi mgeni alifika, mzee wa Kiwelisi mwenye fimbo, hana salamu wala tabasamu. Alijitupa kitini barazani, akanyoosha miguu yenye matope. Isaka alisimama ukutani na sinia la chai, Prichadi karibu na kiti.

"Gwas!" mgeni aliita.

Isaka hakuinua mguu. Kumbe huyu naye! Mzee akagonga fimbo sakafuni, akaita tena kwa hasira. Isaka akakaza macho mbele, akisubiri kufukuzwa.

"Naam, Bwana," akaitikia Prichadi, akapiga magoti kumvua mzee viatu.