Kuonja Tu

Mpishi wa shule alipoketi kliniki, kiti kililalamika, naye akaguna. Tangu alfajiri hakuwa amekaa. Miguu ilikuwa imevimba hadi kanda za viatu zikaacha alama.

"Mama, kwa siku unakula nini?" mtaalamu wa lishe akamuuliza. Binti mdogo, wa umri wa kuwa mwanawe kabisa.

"Mimi sili, mwanangu. Daktari anasema sukari imepanda, na mimi nashangaa. Chai asubuhi, basi. Nikifika nyumbani chakula kinanichefua, nalala."

"Na jikoni?"

"Jikoni naonja tu. Mpishi asiyeonja atawalisha watu chumvi."

Binti hakubisha. Akaweka mezani bakuli na jagi la maji. "Nionyeshe unavyoonja. Anza na asubuhi."

Mpishi akacheka kichovu, akatoa mkobani kijiko chake, kikubwa, ubavu mmoja umelika kwa kukwangua masufuria. Hakuwahi kukiacha jikoni, wangekiiba.

Akachota maji, akamimina bakulini. Uji kabla ya sukari. Uji baada ya sukari. Maharage, yameiva? Bado. Na sasa? Akaendelea kumimina, midomo ikitaja sufuria moja moja kama anayesali. Ukoko wa wali, maana kuutupa ni dhambi. Mabaki ya watoto, vivyo hivyo.

Maji yakafika ukingoni. Kijiko kikabaki hewani, kikidondosha matone.

Binti alitazama bakuli, si uso wa mpishi.

"Mwanangu," mpishi akasema polepole, "huna beseni? Hapa ndiyo kwanza mchana."