Vidonge Mkobani mwa Wanjugu

Ciakuthii aliukung'uta mkoba wa mke wa mwanawe hadi kichana na leso vikaanguka kwenye majivu. Alichokitaka kikatoka mwishoni: pakiti ya vidonge.

"Miaka mitatu nangoja mjukuu wa kike wa kuitwa jina langu," alifoka, "kumbe unameza hizi!"

Wanjugu aliendelea kuchochea moto. Utulivu huo ndio uliompandisha mama mkwe hasira. Jeuri gani hii, jamani!

Na hakuwa anabahatisha. Wiki iliyopita alichomoa karatasi moja ya vidonge hivyo, akaipeleka kwa muuza dawa pale Kianjokoma. Akaambiwa wazi: vinazuia homoni ya kike, saratani ya matiti isirudi.

"Saratani! Ukaja kuolewa kwangu na saratani, kimya! Sisi hatujawahi kuugua hiyo. Ni damu ya kwenu, na haitaingia kwa wajukuu wangu."

"Mama, muulize mwanao Njeru."

"Nimuulize nini? Si umeshammaliza! Baridi hii ya Julai sisi tunatetemeka, yeye analoa jasho. Ni mawazo unayompa hayo!"

Akaitupa pakiti motoni.

Wanjugu alipiga yowe, akaingiza mkono katikati ya mafiga. Alitoa plastiki iliyoyeyuka na vidole vilivyobabuka. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu aolewe boma lile. Ciakuthii aliona raha, tena raha kabisa.

"Funga nguo zako. Kesho wazee wanakurudisha kwenu Runyenjes."

Njeru aliingia wakati huo kutoka shambani, kikapu cha majani chai bado mgongoni. Alitazama vidole vya mkewe, akatazama moto.

"Afadhali umekuja," mama yake alisema. "Huyu ni mgonjwa, alikuficha. Dawa zake nimezichoma. Tafuta mwanamke mzima, mwanangu, ungali kijana."

"Usimwambie," Wanjugu alinong'ona. "Mimi nitaenda tu."

Njeru alitua kikapu. Akavua sweta, kisha shati. Upande wa kushoto wa kifua chake hapakuwa na chuchu. Palikuwa na kovu, refu kama kiganja.

"Umechoma dawa zangu, mama," alisema. "Na daktari anataka uje Embu, upimwe damu na wewe."