Mkono wa Tano

Tangu asubuhi wajumbe tisa wa kamati walikuwa wakibishana: serikali iwalipie wagonjwa dawa mpya ya saratani ya damu, au fedha hizo ziende kwenye upimaji wa afya kwa kina mama vijijini? Dokta Sekela alijua wenzake wamegawanyika wanne kwa wanne. Kura yake ndiyo ingeamua.

"Kabla hatujapiga kura," alisema mwenyekiti, Mzee Mbwilo, "mwenye ndugu anayeisubiri dawa hii aseme sasa."

Aliuliza hivyo kila kikao, na kila kikao watu walinyamaza. Sekela akamfikiria mdogo wake Tunu, ambaye jana wodini alishindwa kumeza hata uji. Akasimama.

"Mimi, mwenyekiti. Mdogo wangu."

Dokta Kheri, aliyeketi kando yake, akamvuta gauni. "Kaa, dada. Nani angejua?"

Sekela akabaki amesimama, ingawa hata yeye alitamani kukaa.

"Pole sana, daktari," alisema mwenyekiti kwa upole. "Utaratibu unakutaka utoke."

Mlangoni aligeuka, akataka kuitetea dawa japo kwa neno moja, akajizuia. Koridoni alikaa kwenye benchi, akainuka, akakaa tena, akainuka. Kupitia kioo chenye ukungu aliona vivuli vya mikono vikipanda: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Kisha, taratibu, kikapanda cha tano. Lakini sauti ya mwenyekiti haikupenya mlango, na Sekela hakujua walikuwa wameulizwa nini.